Zuhura si mjinga, umemfichua adui mapema mno

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili hapa Lamu. Nimeandika riwaya ya vijana kuhusu Zuhura, msichana wa kidato cha tatu anayerubuniwa mtandaoni na Marco, Mwitaliano anayejidai kuwa mpiga picha za mitindo mwenye nyumba Malindi. Zuhura anampotezea mamake pesa, anatishiwa kwa picha, nusura aache shule. Kisa kimetokana na jambo lililompata msichana wa hapa mtaani, jina nimelibadilisha. Niliwapa wanafunzi watatu wausome muswada, wote wakaniambia neno moja: "Mwalimu, huyu Zuhura ni mjinga." Mimi nilitaka wajione wao. Nimeuambatisha muswada wote. Nirekebishe wapi?

JIBU: Mwalimu, hao wanafunzi wako wamekufanyia kazi ambayo wahariri wengi hulipwa na hawaifanyi: wamesema wazi palipowashinda. Muswada nimeusoma mwanzo hadi mwisho. Kiswahili chako kinateleza, na ile sura ambayo Zuhura anavuka kwenda Mokowe, upande wa bara, alfajiri na boti imejaa magunia ya viazi, sitaki uiguse hata nukta. Ugonjwa uko ukurasa wa nne. Umeandika: "Zuhura hakujua kwamba aliyemwandikia alikuwa chui aliyevaa ngozi ya kondoo."

Kuanzia sentensi hiyo msomaji anajua na Zuhura hajui. Anayejua humwona asiyejua kuwa mjinga; ndivyo binadamu tulivyo. Kurasa mia moja sitini zilizobaki msomaji hana kazi ila kungoja lini huyu mtoto atashtuka, na kila anapochelewa kushtuka anazidi kumdharau.

Ifute. Ila kufuta tu hakutoshi, kwa kuwa Marco mwenyewe anajitangaza. Meseji yake ya kwanza inasema "mrembo, una sura ya mwanamitindo." Mwanamume, mgeni, hajulikani, anasifu sura. Msichana wa Lamu ameonywa kuhusu mtu huyo tangu hajaanza kufunga ushungi: nyumbani, madrasani, shuleni, barazani. Mtoto wa leo mwenye simu haingii kwenye mtego alioonyeshwa, anaingia kwenye ule ambao hakuna aliyemwambia kuwa ni mtego. Kwa hiyo riwaya hii itafanya kazi siku msomaji wa miaka kumi na mitano atakapofika sura ya sita akiwa anampenda tapeli. Lazima ahadaiwe yeye pia, pamoja na Zuhura, kwa maneno yale yale. Mengine yote nitakayokuambia yanatokana na hilo.

Basi Marco aondoke. Mahali pake nakupendekezea mwanamke, tumwite Nadia. Yuko Mombasa, amevaa buibui kwenye picha, ana ukurasa wa nguo za harusi na vipodozi. Na Zuhura asitake kuwa mwanamitindo, ndoto ambayo umempa wewe kwa kuwa inafaa mtego wako. Mpe ufundi wa kweli: ni mchoraji hina. Mikono yake inajulikana mji mzima, kuanzia mtaa wa Langoni hadi Mkomani, bibi harusi wanamwita, na baba ameruhusu aweke picha mtandaoni kwa sharti moja, mikono tu, sura isionekane. Anachotaka ni wateja wa nje ya kisiwa na mtu wa kumwambia kwamba hii ni kazi wala si mchezo wa likizo. Hapo ndipo tapeli anapopenyea. Wazuri wa kazi hiyo hawaanzi na uzuri wa mtu, wanaanza na kile ambacho mtu anatamani kitambuliwe.

Meseji ya kwanza ya Nadia ningeiandika hivi: "Asalaam aleikum dada. Hiyo hina ya picha ya pili, yenye majani yanayopanda hadi kiwikoni, umechanganya na piko ama ni hina tupu? Yangu haikolei." Itazame vizuri. Hakuna sifa, hakuna ombi la picha, hakuna ahadi. Kuna swali ambalo Zuhura analijua na muulizaji halijui. Zuhura atajibu kwa sauti, dakika mbili nzima, habari za ndimu na kuuacha mchanganyiko ulale usiku kucha. Kwa mara ya kwanza yeye ndiye fundi na mtu mzima ndiye mwanafunzi. Msomaji naye hataona kasoro, kwa sababu kasoro haipo.

Halafu Nadia atoe kabla ya kuomba. Hapa muswada wako umefanya haraka mno. Marco anaomba pesa sura ya tano. Matapeli wa aina hii wana subira kuliko wapenzi. Nadia aagize michoro mitatu kwenye karatasi, atume shilingi mia tano "ya bando", pesa halisi, ziingie. Amletee mteja mmoja. Amuulize habari za mtihani wa kemia na akumbuke kuuliza matokeo. Siku Zuhura amegombana na shoga yake, Nadia awe macho saa sita usiku. Ziandike kurasa hizo kwa upendo kabisa, bila kumkonyeza msomaji.

Wala usidhani nakufundisha jambo geni, kwani kwenu huko kisa cha kijana aliyehadaiwa ni cha kale. Yule mwana wa Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za pwani, hakuamka siku moja akaamua kumuua babake. Mfalme wa Pate alimwita, akamkirimu, akamwahidi binti yake, akamfanya ajione mtu mzima mwenye nafasi kwenye baraza la wakubwa. Swali la nini kinaweza kumdhuru Liyongo lilikuja baada ya hayo yote, na sindano ya shaba iliyomuua ikaja mwisho kabisa. Sijasikia msimulizi akimwita mwana huyo mjinga. Wanamlaani, ndiyo, ila wasikilizaji wanaelewa alivyofika pale, maana ile takrima wameionja pamoja naye.

Lakini haki ya msomaji ilindwe. Akimaliza kitabu aweze kurudi nyuma akakuta dalili zilikuwa mbele ya macho yake. Nakupa mbili. Ya kwanza: Nadia anasema aliwahi kufikia Shela, kijiji cha kisiwani kwenu, anatuma picha aliyopiga ufuoni, jua jekundu linazama kwenye bahari kuu. Zuhura anajibu kwa vijimoyo. Msomaji wako wa Lamu, ambaye maisha yake yote ameliona jua likitoka upande wa bahari na kutua nyuma ya kisiwa, atapita hapo bila kusita kwa sababu picha ni nzuri na Nadia ni mtu wa watu. Baadaye atajipiga kofi la paji. Picha hiyo ilipigwa pwani nyingine kabisa duniani. Usiieleze. Zuhura agundue mwenyewe, amekaa kwenye gati anangoja boti, jua linatua mgongoni mwake.

Dalili ya pili iko kwenye zile shilingi mia tano. Meseji ya M-Pesa huja na jina la aliyetuma, na jina lililokuja ni la mwanamume. Nadia anasema ni laini ya kaka yake, yake ina shida. Nani katika nchi hii hajawahi kutuma pesa kwa laini ya mtu mwingine? Msomaji atalikubali jibu hilo kwa kuwa yeye mwenyewe ameshalitoa.

Tukiwa hapo hapo kwenye pesa, sura ya saba irekebishwe, maana itakuvunjia heshima darasani. Umeandika kwamba Zuhura alipofungua meseji ya Marco, shilingi elfu arubaini za mamake "zikatoweka papo hapo." M-Pesa haiendi hivyo. Imekuwapo tangu 2007, pengine kabla wanafunzi wako hawajazaliwa, na wanaijua kuliko sarufi. Pesa hazitoki bila namba ya siri, na kabla hujathibitisha unaonyeshwa jina la unayemtumia. Mwizi ana njia zake, lakini zote zinapitia kwa mtu: anakudanganya umtajie namba, anakutumia meseji bandia ya "nimekutumia kimakosa, nirudishie" kutoka namba ya kawaida badala ya ile inayojiandika MPESA, au anaihamisha laini yako kwa kujifanya wewe.

Njia itakayofaa riwaya yako ni ya kitambulisho. Zuhura ana miaka kumi na sita, hana kitambulisho, na laini anayotumia imesajiliwa kwa jina la mama. Baada ya miezi ya usuhuba Nadia anamwambia kuna duka linataka michoro yake, kuna mkataba: "Lakini wewe bado mtoto, mpenzi, sheria hairuhusu. Lazima uwe kwa jina la mama. Nipigie picha kitambulisho chake, mbele na nyuma." Ombi hilo lina sura ya uadilifu! Nadia anaonekana mtu anayefuata sheria, mtu anayemheshimu mama. Na ndilo litakaloivunja nyumba, kwa sababu mwenye picha ya kitambulisho anaweza kujaribu kusajili laini kwa jina lako, kuomba mikopo ya simu kwa jina lako, kupiga kwa mtoa huduma akajitambulisha kuwa ni wewe.

Mamake agundue vipi? Muswada wako una askari wa kuja kumweleza. Mpe mama kazi hiyo. Anapigiwa simu na watu wa mkopo asioujua, wanamtaja jina lake lote la kitambulisho. Anakwenda kwa kijana wa duka la simu, kijana anamwambia abonyeze *106#, huduma ya Safaricom inayoonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Orodha inatokea. Ya kwanza ni yake, ya pili ya Zuhura, ya tatu haijui. Mama anaisoma ile namba ya tatu kwa sauti, tarakimu moja moja, mbele ya wateja wengine. Sura ikatike hapo.

Sasa hili la picha, ambalo nimelisoma mara mbili kwa shida. Sura ya tisa umemfanya Zuhura atume picha za utupu. Zitoe. Kwanza, ni mtoto. Kitabu cha vijana hakina sababu ya kumweka msomaji mahali ambapo lazima aziwazie picha hizo. Pili, huzihitaji. Wewe unaishi Lamu na umesahau kwamba hapo picha ya kichwa wazi inatosha kumtoa mtu usingizi.

Fikiria hivi. Kuna harusi, ni siku ya kupamba, wanawake peke yao ukumbini, mabuibui yametundikwa, nywele zimetengenezwa, ngoma inapigwa. Simu zimekusanywa mlangoni kama kawaida, ila Zuhura ameruhusiwa yake kwa sababu ni mchoraji na ana michoro ndani ya simu. Nadia alimwomba kitu kidogo tu: video ya mikono ya bibi harusi hina ikiwa imekolea, wateja wanataka kuiona ikisogea. Zuhura anapiga sekunde ishirini za mikono. Nyuma ya mikono hiyo, ukitazama vizuri, wamo shangazi yake wawili wanacheza, dada wa bibi harusi, na mke wa mtu ambaye mumewe hana mchezo. Wiki mbili baadaye Nadia anairudisha ile video ikiwa imekatwa mikono na kubakiza wanaocheza, na chini yake kiasi cha pesa.

Unaona lilivyobadilika? Ulipoandika wewe, aibu ilikuwa ya Zuhura peke yake, na msomaji mkatili angesema amejitakia. Hapa amebeba sitara ya ukumbi mzima, na hakufanya lolote ambalo msomaji mwenye simu hajawahi kulifanya. Hakuna atakayetamka neno mjinga.

Kwa nini hamwambii mama? Umeandika "aliogopa" mara nyingi mno. Vijana wengi hawafichi kwa kuogopa kiboko, wanaficha kwa ajili ya simu. Wanajua hukumu ya kwanza itakuwa kunyang'anywa, na kwa Zuhura simu ni duka, ni marafiki, ni jina lake. Kwa hiyo mapema kabisa, sura ya pili, wakiwa wanakula, mama asikie habari za binti wa jirani aliyekutwa akizungumza na mvulana, aseme huku anamega mkate wa mofa: "Angekuwa wangu, simu hiyo ningeitwanga kwenye kinu." Wote wacheke, Zuhura pia. Mama anampenda mwanawe na hajasema ubaya wowote, ila mlango umeshafungwa. Itakapofika usiku wa video, usiandike woga. Mama aulize "mbona huli?" na Zuhura aseme tumbo.

Kosa moja la hatari, nalo liko kwenye sura ya kumi: Zuhura anafuta mazungumzo yote, na wewe unamsifu kwa ujasiri. Mtoto atakayeiga hapo ataharibu ushahidi wake mwenyewe. Azuie namba ukitaka, lakini kwanza apige skrinishoti, atunze namba, majina ya kurasa, meseji za M-Pesa. Anaweza kufuta kwa hofu, hilo ni la kibinadamu, ila riwaya ionyeshe gharama yake. Na akilipa mara ya kwanza, Nadia arudi akitaka zaidi. Ndivyo inavyokwenda.

Polisi kumkamata Marco huko Mokowe baada ya siku mbili ni hadithi ya sinema. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Kutumia utambulisho wa mtu mwingine kwa hila ni kosa lenye faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kusambaza picha za faragha nako kuna kifungu chake. Lakini sheria kuwapo na tapeli kupatikana ni mambo mawili. Wapeleke Zuhura na mama kituoni, waandikiwe namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, wangoje kwenye benchi, waulizwe swali lile lile na maafisa wawili tofauti. Mtu wa kumsaidia Zuhura kweli awe yule anayepokea simu ya 116, namba ya bure ya watoto, kwa sababu huko ndiko anakoweza kusimulia mara ya kwanza bila kumtazama mtu usoni. Mazungumzo hayo yaandike yote, pamoja na vimya vyake.

Na Nadia ni nani? Unaweza kuacha bila kumjua. Matapeli wengi hawajulikani kamwe. Ila ikiwa unataka sura ya mwisho yenye uzito, kuna jambo la kweli la kulitafakari. Mwaka 2022 serikali ya Kenya iliwaonya vijana kuhusu kazi za uongo za Thailand: walioitika walijikuta Myanmar, wamenyang'anywa pasipoti, wamefungiwa ndani ya majengo na kulazimishwa kuwalaghai watu mtandaoni usiku kucha. Walikuwa wasomi, wanajua kompyuta, walijibu tangazo la kazi. Je, Nadia akiwa mvulana wa Malindi aliyetafuta kazi ya hoteli? Anayejua kuuliza habari za hina kwa sababu amekulia na dada watano, na ile picha ya Shela ameitoa kwenye faili aliyopewa na msimamizi asiyejua jua la Shela linatokea wapi. Sikuagizi ufanye hivyo. Nakuambia tu kwamba msomaji aliyemchukia Nadia kwa sura tatu, kisha akamkuta amefungiwa, atakuwa na la kuwaza.

Sura ya kumi na mbili, ile semina ya shuleni yenye hotuba ya kurasa sita, itoke yote. Pwani hii haina njaa ya mawaidha. Mwana Kupona alimuusia bintiye kwa utenzi mwaka 1858 na tungali tunausoma. Alisema waziwazi kwamba anausia, na akausia kwa ushairi ambao mimi na wewe hatuuwezi. Riwaya haina haja ya kushindana naye. Kama hotuba hiyo unaipenda sana, iweke darasani kwako.

Mazungumzo ya simu yaandike jinsi wanavyoandika wao, na vifupisho vyao, ila uwaulize wanafunzi kwanza. Misemo ya mwaka uliopita huwachekesha.

Nimalizie na yule msichana wa mtaani kwako, ambaye umemtaja kwa sentensi moja tu. Jina umebadilisha, lakini umebakiza kaka wawili wa bandarini, nyumba yenye mlango wa nakshi mkabala na kisima, na baba aliyefariki Ramadhani. Lamu ni mji wa vichochoro; kila atakayekifungua kitabu atamtaja kabla ya ukurasa wa kumi, na msichana huyo atakuwa amefichuliwa mara ya pili, safari hii na mwalimu. Badilisha nyumba, kaka, baba, mtaa, hata kisiwa ikibidi. Hina na Nadia vitakusaidia kuachana na kisa chake. Kisha, kabla muswada haujaenda kwa mchapishaji yeyote, mpelekee yeye kupitia kwa mtu anayemwamini, naye awe na ruhusa ya kusema hapana. Akiikataa sura, itoke, na usimuulize sababu.